Kufukia na Kuzika: Rada na Makaburi ya Marianna

Katika lugha ya Kiswahili mna vitenzi viwili ambavyo mgeni aweza kuvichanganya, lakini mwenyeji havichanganyi. Kufukia ni kurudisha udongo katika shimo mpaka lijae. Kuzika ni kumlaza maiti kaburini kwa taratibu zinazojulikana, mbele ya watu wake, na kwa jina lake. Kila azikaye hufukia, lakini si kila afukiaye huwa amezika. Takataka hufukiwa, mwanadamu huzikwa. Tofauti hii si mali ya wanasarufi peke yao. Yafaa kukumbukwa na kila asomaye habari za chombo kiitwacho rada ya ardhini, ambacho siku hizi hutumiwa katika nchi nyingi kutafuta makaburi yaliyopotea. Chombo hicho chaweza kuonyesha palipofukiwa. Hakiwezi kumtaja aliyezikwa. Na habari za shule moja ya watoto katika mji wa Marianna, jimbo la Florida, Marekani, zaonyesha uwezo wake na upungufu wake kwa pamoja.

Jina rada asili yake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, kilichoanza kutumiwa na jeshi la majini la Marekani mwaka 1940, na maana yake ni kugundua kitu na kupima umbali wake kwa mawimbi ya redio. Lakini wazo lenyewe ni kongwe kuliko jina. Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alipata hati ya uvumbuzi wa chombo cha kugundulia merikebu iliyo mbali. Mwaka 1910 Gotthelf Leimbach na Heinrich Löwy walipata hati nyingine, iliyohusu kutumia mawimbi hayo kutafuta vitu vilivyomo ardhini. Mwaka 1929 ulipimwa kwa njia hii unene wa barafu ya mlimani katika nchi ya Austria, na mwaka 1972 chombo cha Apollo 17 kilichukua rada ya kuchungulia chini ya uso wa mwezi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 wachimbuaji wa mambo ya kale walianza kuitumia kwa kazi yao, na miongoni mwa mahali pa kwanza palikuwa Chaco Canyon, katika jimbo la New Mexico, walikotafuta kuta zilizofunikwa na mchanga.

Kazi ya chombo hiki si ngumu kueleweka. Ni mfano wa kigari kidogo, kisukumwacho polepole juu ya ardhi katika mistari iliyonyoka, ambayo aghalabu hutengana kwa nusu mita au chini yake. Chini ya kigari pana antena ipelekayo mawimbi ya redio ardhini. Kwa kutafutia makaburi, mara nyingi hutumiwa mawimbi ya kiasi cha megahezi 400 au 500. Mawimbi hayo yakifika mahali ambapo hali ya ardhi yabadilika, kama vile kutoka udongo mkavu hadi wenye unyevu, au kutoka udongo hadi jiwe au uwazi, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Chombo hupima muda wa kwenda na kurudi kwa nanosekunde, na nanosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Ikiwa mawimbi hupita katika udongo ule kwa mwendo wa sentimita 10 kwa kila nanosekunde, na mwangwi ukarejea baada ya nanosekunde 30, basi safari nzima ni sentimita 300, na kitu kilichourudisha kimo sentimita 150 chini ya uso wa ardhi.

Je, rada huona nini katika kaburi? Watu wengi hudhani kwamba huona mifupa, lakini sivyo. Mifupa ni midogo, na hali yake haitofautiani sana na udongo uliyoizunguka, kwa hiyo ni nadra kutoa mwangwi ulio wazi. Kionekanacho ni jeraha la ardhi. Mchimba kaburi hukata tabaka za udongo zilizotandazwa kwa karne nyingi. Anapolifukia shimo, udongo wa juu na wa chini huchanganyika, wala tabaka zile hazirudi tena kama zilivyokuwa. Unyevu wa mahali pale hutofautiana na wa kandokando, na pengine jeneza lililobomoka huacha uwazi. Haya yote huonekana katika picha ya rada kama mkatiko wa mistari, au kama umbo la tao. Lakini mzizi mnene, jiwe, bomba la kale na tundu la mnyama vyaweza kutoa tao la namna iyo hiyo. Na katika udongo mzito wa mfinyanzi, au penye maji ya chumvi, mawimbi hufifia kabla ya kufika chini. Kwa hiyo msomaji wa picha hizo hana budi kuwa kama msomaji wa hati ya kale iliyoliwa na mchwa: akikuta herufi pungufu, asiikamilishe kwa shauku yake.

Mambo haya yakieleweka, habari za Marianna zaweza kufuatwa. Shule hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1900 kuwa shule ya serikali ya kurekebishia tabia za watoto. Ilibadilishwa jina mara kadhaa, na mwishowe ikaitwa Arthur G. Dozier School for Boys, jina iliyokuwa nalo hata ilipofungwa mwaka 2011. Katika muda huo wa miaka 111 ilipokea maelfu ya wavulana. Wako waliopelekwa kwa wizi au kwa makosa makubwa zaidi. Wako pia waliopelekwa kwa utoro tu, au kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwatunza. Sifa mbaya ya mahali pale ilianza mapema. Mwaka 1903 kamati ya bunge la jimbo iliwakuta watoto wamefungwa minyororo kama wahalifu wa gerezani. Mwezi wa Novemba 1914 bweni liliteketea kwa moto na watu wakafa ndani yake, na mwaka 1918 maradhi ya mafua yaliyoenea duniani yaliingia shuleni na kuua. Wavulana weupe walikaa upande wa kusini na weusi upande wa kaskazini, nao walitengwa hivyo mpaka miaka ya mwisho ya 1960. Makaburi yalikuwa upande wa kaskazini, juu ya kilima kidogo kilichoitwa Boot Hill.

Kwa muda mrefu habari hizi zilikaa vifuani mwa waliozijua. Mwaka 2008 wazee waliokuwa wanafunzi wa shule hiyo katika miaka ya 1950 na 1960 walitoka hadharani, wakaeleza jinsi walivyokuwa wakipigwa kwa mkanda wa ngozi katika nyumba ndogo iliyojulikana kwa jina la White House. Walieleza pia kwamba wako wenzao walioondoka wasionekane tena. Mwezi wa Desemba mwaka ule gavana wa jimbo aliiagiza idara ya upelelezi ichunguze makaburi. Juu ya Boot Hill palikuwa na misalaba 31 iliyotengenezwa kwa mabomba ya chuma na kupakwa rangi nyeupe. Wapelelezi walizisoma kumbukumbu za shule, wakahoji watu, na mwaka 2009 wakatoa taarifa iliyokubali kwamba makaburi yalikuwa 31. Ardhi yenyewe hawakuichimba.

Hapo ndipo kosa lilipojificha, nalo ni kosa ambalo mwanahistoria yeyote aweza kulifanya. Misalaba ile haikusimikwa na wazishi siku za mazishi. Iliwekwa miaka mingi baadaye, na watu ambao hawakujua kwa hakika ni wapi kila mtoto alipolala. Ilikuwa ukumbusho, haikuwa ramani. Lakini kitu kikisimama mbele ya macho kwa muda wa kutosha hupata nguvu ya ushahidi. Hesabu ya misalaba ikawa hesabu ya makaburi, na hesabu ya makaburi ikawa hesabu ya wafu.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha South Florida, wakiongozwa na Erin Kimmerle, mjuzi wa mifupa ya binadamu, walianza kwa njia nyingine. Kwanza walirudi kwenye maandishi: daftari za shule, vyeti vya vifo, na magazeti ya siku zile. Katika taarifa yao ya Desemba 2012 walionyesha kwamba kati ya mwaka 1914 na 1973 walikufa shuleni watu wasiopungua 98, na kwamba wawili tu miongoni mwao walikuwa watumishi. Waliobaki walikuwa wavulana. Mahali walipozikwa wengi wao hapakuandikwa. Pili, walifyeka vichaka na kupitisha rada juu ya kilima na katika msitu ulioota kando yake. Chombo kilionyesha mashimo ya makaburi yasiyopungua 50. Mengi yalikuwa mbali na misalaba.

Baada ya hapo lilitokea jambo ambalo rada haikuweza kusaidia. Kufukua kaburi si kazi ya wataalamu peke yao. Yahitaji ruhusa ya sheria, na ruhusa haikupatikana kwa urahisi. Ombi lilikataliwa kwanza. Wako wenyeji wa wilaya walioona kwamba wafu waachwe walale, na kwamba jina la mji lisichafuliwe kwa mambo ya zamani. Upande wa pili walikuwapo ndugu wa marehemu, wengi wao wazee sana, waliotaka kuwachukua watu wao kabla wao wenyewe hawajafa. Neno la kwanza si la kudharauliwa, kwa kuwa kuheshimu kaburi ni desturi ya mataifa yote. Lakini heshima hiyo yamhitaji mtu aijue sehemu anayoiheshimu. Kaburi lisilojulikana haliheshimiwi, hukanyagwa. Tarehe 6 Agosti 2013 gavana na baraza lake walitoa ruhusa, na mwishoni mwa mwezi ule kazi ya kufukua ikaanza.

Mwezi wa Januari 2014 ilitangazwa kwamba makaburi yaliyopatikana yalikuwa 55. Kati ya hayo 13 tu yalikuwa ndani ya eneo lililokuwa na misalaba. Mengine yalikuwa msituni, chini ya vichaka, chini ya njia ya gari, na chini ya mti mkubwa wa mforosadi. Kwa hiyo rada haikukosea kusema kwamba waliolala pale walikuwa wengi kuliko misalaba. Na hata hivyo hesabu yake ilikuwa pungufu ya ile ya jembe na mwiko. Ndani ya makaburi zilipatikana mabaki ya majeneza, misumari na bawaba zake, pamoja na vifungo vya nguo. Katika kaburi moja ilionekana gololi ya jiwe, mahali palipokuwa mfuko wa mtoto. Hakuna mawimbi yawezayo kuonyesha gololi ile kwa maana yake. Mashine ingaliiona, ingaliandika nukta moja tu. Ilimpasa mtu apige magoti udongoni ili ijulikane kuwa aliyelala pale alikuwa mtoto achezaye.

Yafaa kusemwa vilevile yale ambayo makaburi hayakuyathibitisha. Kuwapo kwa majeneza kwaonyesha kwamba wengi wa watoto hawa hawakutupwa shimoni. Wako waliokufa kwa moto, wako waliokufa kwa maradhi, na kaburi lisilo alama si ushahidi peke yake kwamba mtu ameuawa. Lawama yenye ithibati ni nyingine: serikali iliwachukua watoto kutoka kwa wazazi wao, watoto wakafa mikononi mwake, nayo haikuandika ilikowaweka. Na tena lawama hiyo ilikuwa na rangi, maana miongoni mwa waliozikwa Boot Hill weusi walikuwa wengi zaidi kuliko weupe, kiasi cha mara tatu.

Majina yalianza kurudi mwezi wa Agosti 2014. Wa kwanza kutambuliwa kwa vipimo vya urithi wa damu alikuwa mvulana aliyekufa akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka 1941 jamaa zake waliarifiwa kwamba ameonekana amekufa chini ya nyumba. Walipofika Marianna ili kumchukua walikuta amekwisha fukiwa, wakaonyeshwa tu rundo la udongo mpya. Dada yake, ambaye wakati ule alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyetoa kielelezo cha vipimo hivyo baada ya zaidi ya miaka 70. Taarifa ya mwisho, iliyotolewa mwezi wa Januari 2016, ilieleza kwamba kutoka katika makaburi 55 yalipatikana mabaki ya watu 51. Saba kati yao walikuwa wametambuliwa kwa vipimo, na wengine 14 walidhaniwa kuwa ni fulani na fulani kwa dalili nyingine. Waliosalia walibaki bila majina.

Mwezi wa Oktoba 2014 uchunguzi huo uliwafikisha wataalamu mpaka Philadelphia, mbali sana na Florida. Mwaka 1925 mvulana mmoja alitoroka shuleni akafa njiani, na jamaa zake waliletewa jeneza lililofungwa, wakalizika katika makaburi ya mji wao. Jeneza lilipofukuliwa, ndani yake zilikutwa mbao, maiti hamkuwa. Basi habari hizi zina mifano ya kila namna: Marianna palikuwa na misalaba isiyo na makaburi chini yake, na makaburi yasiyo na misalaba juu yake, na Philadelphia palikuwa na kaburi lenye mazishi kamili, pamoja na sala na machozi, lakini halina mtu. Rada ingalipitishwa juu ya kaburi lile ingalionyesha shimo na sanduku, nayo ingalikuwa imesema kweli. Na wasomaji wa picha wangaliamini uongo.

Kisa cha mwisho ni cha mwaka 2019. Mafundi waliokuwa wakisafisha ardhi ya shule iliyoharibiwa na matangi ya mafuta walitumia rada, wakapata mahali 27 nje ya Boot Hill palipofanana na makaburi. Habari zilienea kwa haraka. Magazeti yalisema kwamba huenda makaburi mengine 27 yamegunduliwa, na katika vinywa vya watu neno huenda likaanguka njiani, kama kawaida yake. Wataalamu wa chuo kikuu waliitwa tena, wakachimba mahali pote palipotajwa. Hawakukuta kaburi hata moja. Mwangwi ule ulikuwa umetoka katika mizizi ya miti ya zamani.

Kuna watu ambao wangependa kukitumia kisa hiki kuwa hoja dhidi ya chombo chenyewe, na dhidi ya wazee wa White House pia. Hoja hiyo haisimami. Mizizi ya mwaka 2019 haiwafuti watoto wa mwaka 2013. Kosa la pili lilijulikana kwa njia ile ile iliyothibitisha kweli ya kwanza, yaani kwa kuchimba. Wajuzi wa sheria, na wajuzi wa lugha vilevile, hutofautisha dalili na ithibati. Dalili ni wingu. Ithibati ni mvua. Rada hutoa dalili, na kazi hiyo si ndogo, maana huwaonyesha watu mahali pa kuchimba bila kuuharibu uwanja mzima, nayo haisumbui maiti. Lakini ilipopewa cheo cha ithibati mwaka 2019 iliwapotosha watu, kama misalaba 31 ilivyowapotosha ilipopewa cheo hicho mwaka 2009. Chuma cheupe kilichosimama na mstari uliopinda katika picha vilistahili swali moja: ni nani aliyekiweka, au ni nini kilichousababisha?

Yaliyogunduliwa Marianna hayakupatikana kwa shahidi mmoja. Wazee walikumbuka, lakini kumbukumbu zao hazikuwa na hesabu. Daftari zilikuwa na hesabu, lakini hazikutaja mahali. Rada ilitaja mahali, lakini haikujua ni nani. Damu ya ndugu ilijua ni nani, lakini isingaliulizwa kama wale watatu wa kwanza hawakusema. Mashahidi hawa wanne kila mmoja alikuwa na upungufu wake, na upungufu wa mmoja ulijazwa na mwenziwe. Hata wazee, ambao ushahidi wao ndio aghalabu huitwa dhaifu, ndio waliotangulia. Pasipo maneno yao mwaka 2008, hakuna ambaye angalisukuma kigari juu ya kilima kile.

Mwaka 2017 bunge la Florida liliomba radhi kwa yaliyotendeka, na mwaka 2024 ilipitishwa sheria ya kutenga dola milioni 20 kwa ajili ya walionusurika. Baadhi ya watoto waliotambuliwa walirudishwa kwa jamaa zao, wakazikwa tena karibu na wazazi wao, kwa majina yao. Mazishi hayo ya pili hayakuongeza kitu ambacho rada yaweza kukipima. Lau chombo kile kingepitishwa juu ya makaburi mapya, kingeonyesha mambo yale yale kilichoyaonyesha Boot Hill: tabaka zilizokatwa, udongo uliochanganyika, na mwangwi kutoka katika sanduku. Tofauti yote iko juu ya ardhi, kwa watu waliosimama kando ya shimo wakijua ni nani waliyekuwa wakimshusha. Kule kwanza watoto wale walifukiwa. Baada ya miaka 70 na zaidi, walizikwa.